Siku ya Kuzaliwa ya Ngave Wawili

Tangu turudi sijauza chai kwa amani. Kila anayeingia mgahawani kwangu hapa Kashai anatupa jicho kwanza jikoni kuhakikisha binti yangu yupo, ndipo anaagiza chapati. Halafu anavuta kiti na kuuliza, "Ehe, ilikuwaje?" Nimesimulia hadi maharage yameungua. Basi naandika, na atakayeuliza tena atapewa karatasi hizi azisome huku chai yake ikipoa.

Kwa asiyejua: marehemu mume wangu Pascal alikuwa mtu wa Bunia, huko Ituri, Kongo. Alikuja Bukoba kutengeneza injini za mitumbwi, akanioa, tukampata Neema. Ugonjwa ulimchukua kabla hajatupeleka kwao. Mama yake hakuweza kuja kuzika kwa sababu ya miguu, na mjukuu hakuwahi kumtia machoni. Kaka yake Pascal, Shemeji Désiré, ndiye aliyekuwa akinipigia simu, na kila simu iliishia palepale: "Shemeji, lete mutoto wetu tumuone."

Hilo neno "wetu" ndilo lililoninyima usingizi. Ninyi wenyewe mlinitia maneno. Mama Aneth alisema mbele ya wateja, tena kwa sauti, "Utakwenda na mtoto, utarudi na begi." Nilimjibu vibaya, lakini moyoni nilijua si uongo. Mtoto ni wa ukoo wa baba, huku na huko. Désiré angesema Neema abaki, ningemshtaki kwa nani? Na mimi sina mwingine, ni huyo mmoja.

Hata hivyo nilikwenda. Neema alikuwa anatimiza miaka tisa, na safari hii hakuomba gauni wala baiskeli. Aliomba akatimize miaka yake kwa bibi, kwenye nchi ya baba yake. Utamnyimaje mtoto kitu kama hicho?

Bukoba hadi Kampala

Nilioka keki. Sikuoka ile laini ya krimu mnayonunua kwangu kwa ajili ya kipaimara, nilioka keki ngumu ya zabibu kavu, ya kuhimili barabara, nikaiweka kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Neema aliibeba ndoo kama amebeba mdogo wake mchanga. Kondakta alitaka kuipandisha juu ya basi pamoja na mikungu ya ndizi, akaambiwa na Neema, "Hii ina siku yangu ya kuzaliwa ndani." Kondakta akaipisha.

Huko Mutukula alimweleza afisa wa mpakani, mwanamke mwenye uso wa kazi, kwamba yeye ni wa miaka minane lakini si kwa muda mrefu. Afisa alicheka hadi akasahau kutuuliza jambo lingine. Njia nzima hadi Kampala kila aliyekaa karibu yetu alipata habari: tunakwenda Bunia, bibi anangoja, keki ipo. Mimi nilikaa kimya dirishani. Kila alivyozidi kufurahi ndivyo nilivyozidi kujiona nampeleka mwenyewe, kwa mikono yangu, mahali ambapo huenda nikamwacha.

Kampala nisiisemee sana, tulilala tu. Nitasema moja: pale stendi tuliletewa chai ya maziwa matupu, haina tone la maji, na majani yamepikwa humohumo mpaka imekuwa kahawia ya kupendeza. Mimi ninayeuza chai niliinyamazia. Mnaonijua mnaelewa uzito wa jambo hilo.

Kampala hadi Ntoroko

Kutoka Fort Portal gari linateremka kuelekea Ziwa Albert na joto linapanda kwa kila kona. Ntoroko ni mwalo wa wavuvi upande wa Uganda: mabati, nyavu, mbuzi wanaolala popote wapendapo. Mashua ya kuvuka kwenda Kasenyi, upande wa Kongo, tuliambiwa inaondoka sasa hivi.

Sasa hivi ya Ntoroko ina tumbo kubwa. Mashua ilikuwa inangoja magodoro. Magodoro yalikuwa njiani. Kesho yake magodoro yalikuwa bado njiani, na kesho ya kesho yakafika, lakini yakawa pungufu, ikabidi yangojwe mengine. Nilimfuata mwenye mashua, mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile, nikamwambia kwa hasira kwamba siku ya kuzaliwa ya mtoto haiwezi kungoja magodoro. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, mtoto mwenyewe yuko wapi.

Neema alikuwa amekaa chini na wanawake wanaoparua samaki, kisu mkononi, magamba hadi kwenye nyusi. Mzee alimtazama, akaniambia, "Huyu hana haraka. Ni wewe."

Nilikasirika zaidi, kwa sababu ni kweli. Neema alitaka kufika Bunia siku yenyewe. Mimi nilitaka tufike, tusalimie, tuondoke kabla mtu hajapata wazo.

Tulikula sangara wa kukaanga na mihogo ya kuchemsha, mchana na jioni, na sikuchoka. Samaki aliyetoka majini asubuhi hahitaji mpishi, anahitaji chumvi na mtu wa kumwangalia asiungue.

Ziwani

Magodoro yalipotimia tuliondoka. Niseme mazuri ya yule mzee: hakuwasha injini mpaka kila mtu amevaa jaketi la kuelea, na la Neema alilifunga mwenyewe, akalivuta, akalifunga tena. Abiria mmoja alinung'unika kuwa joto ni kali. Mzee akazima injini, akakaa, akakunja mikono. Tukamngoja yule bwana avae.

Mbele yetu alikaa mama mmoja mnene, mcheshi, mfanyabiashara wa samaki anayerudi kwake Kasenyi. Jina lake Mama Charlotte. Mawimbi yalipoanza kutupiga ubavuni aliinuka kuhama upande, akatafuta pa kukaa, akakaa. Nikasikia mfuniko ukisema "pwa".

"Mama!" nikapiga kelele. "Hiyo ndoo ina keki!"

Aliruka kuliko nilivyodhani mwili ule ungeweza. "Keki? Miye nilizani ni muchele! Batu banabeba muchele mu ndoo."

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Uchovu wote wa magodoro na woga wote wa Bunia nilimmwagia yeye. Alifungua ndoo, akachungulia, akachovya kidole, akalamba.

"Iko bado tamu," alisema. "Haikufa. Imelala tu."

Neema alikuwa ameanza kulia, lakini hapo akacheka katikati ya kilio, akapaliwa, tukaanza kumpigapiga mgongoni sote wawili. Ndivyo tulivyopatana na Mama Charlotte.

Kasenyi

Tulifika Kasenyi mchana ukiwa umeshainama. Magari ya kupanda Bunia yalikuwa yameondoka, na hakuna dereva aliyetaka kusikia habari ya kupanda saa ile. Watu wa kule wameona mengi kwenye barabara zao. Jua likishainama mtu anakaa alipo, na hakuna anayeona haya kusema anaogopa.

"Munalala kwangu," Mama Charlotte alisema. Nikaanza zile adabu zetu za kukataa kwanza. Akanikatiza: "Mama, nilivunja keki ya mutoto. Hauwezi kukataa. Kama unakataa, miye nitalala na hiyo keki mu roho."

Kwake palikuwa na ua wa mabanzi, harufu ya moshi wa samaki, na watoto wasiohesabika, wake na wa majirani. Keki iliyolala ilimalizwa kwa vijiko, kila mtoto na kijiko chake, na Neema ndiye aliyegawa. Kisha tukaletewa bugali, yaani ugali wa mihogo, laini na wenye kuvutika, pamoja na samaki wa mchuzi ambaye wao humwita capitaine. Niliuliza ameweka nini kwenye mchuzi. Akasema nyanya na chumvi. Najua alificha kitu. Mpishi humtambua mpishi.

Asubuhi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Neema alitoka nje akipiga miayo, na kabla hajafumbua macho vizuri akamwagiwa ndoo nzima ya maji ya ziwa kichwani. Mama Charlotte huyo, na watoto nyuma yake wakiimba "Joyeux anniversaire" kwa sauti za kwaya.

Hata kwetu vijana humwagiana maji siku hiyo, sikatai. Lakini mtoto wangu, ugenini, na gauni ni lile la kuingilia kwa bibi! Nilitoka na mwiko mkononi. Mama Charlotte alinikabili bila hofu.

"Mama, hapana kukasirika. Mutoto anaanza mwaka safi. Vumbi ya njia yote imebaki hapa kwangu."

Neema alikuwa anatiririka maji na anacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba yake afariki. Nikaurudisha mwiko jikoni.

Wakati wa kuondoka Mama Charlotte aliijaza ndoo yetu samaki wa kukausha, akafunika, akagonga mfuniko kwa kiganja. Nilimwambia ni wengi mno. Akaniambia mama mkwe hapelekewi ndoo tupu. Ndipo akanishika mkono na kuuliza polepole kwa nini tangu jana sicheki. Nikamweleza hofu yangu. Hakunidanganya. Alisema, "Njo vile inakuwaka. Mutoto wa mwanaume aliyekufa, batamuomba. Weye enda na heshima, hapana kwenda na vita." Nikapanda gari na maneno hayo.

Kasenyi hadi Bunia

Barabara inapanda ukuta wa milima kwa kupindapinda, na gari letu lilibeba watu zaidi ya viti vyake. Kadiri tulivyopanda hewa ilipoa, na ziwa likabaki chini nyuma yetu, jeupe, na Uganda kama mstari ng'ambo. Neema aliuliza kama baba yake alipita njia hii hii akienda Bukoba. Nikasema ndiyo, hii hii. Akageuka akalitazama ziwa mpaka kona ikalificha.

Karibu na Bogoro kulikuwa na kizuizi. Askari kijana alitaka kujua ndani ya ndoo mna nini. Kabla sijafungua mdomo Neema akajibu, kwa mazoea ya safari nzima, "Keki yangu ya siku ya kuzaliwa."

Askari alifungua. Samaki wakamtazama.

"Kwenu," akauliza taratibu, "keki iko na macho?"

Gari zima lilikufa kwa kicheko, dereva akaegemea usukani. Askari akapata hadithi yote kutoka kwa Neema, pamoja na kukaliwa na kumwagiwa maji, huku abiria wakimsaidia kwa sehemu alizosahau ingawa hawakuwapo. Alitufungulia kamba na kumpigia Neema saluti ya kijeshi kamili. Neema alirudisha saluti kwa mkono wa kushoto.

Bunia

Bunia ina vumbi jekundu, pikipiki nyingi, na watu wanaosalimia kama wana siku nzima. Nyumba ya mama mkwe iko Nyakasanza. Ni nyumba ndogo, maana nyumba kubwa iliachwa kijijini Djugu pamoja na ng'ombe, siku walipokimbia vita. Nilidhani nitakuta watu wenye huzuni. Nilikuta ua umefagiliwa hadi unang'aa, mbuzi amefungwa, viti vya kuazima kanisani vimepangwa.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha chini, miguu imevimba, ameinyoosha. Hakumkumbatia Neema. Alimwita karibu, akachukua viganja vyake, akavigeuza juu na chini, akaviweka pembeni ya viganja vyake mwenyewe.

"Ni mikono yangu," alisema. Halafu akalia.

Hapo niwaeleze jambo. Neema jina lake la pili ni Ngave, na Ngave ni jina la bibi huyu. Pascal ndiye aliyempa. Hata kwetu mtoto akichukua jina la bibi tunamtania, tunamwita bibi. Kule si utani. Huyo ni ndoyi yake, mwenye jina lake, na mwenye jina lako ni wewe. Shemeji Désiré, mtu mzima, mvi kwenye ndevu, mwalimu anayeogopwa, alivua kofia mbele ya Neema, akainama na kusema, "Jambo, mama. Ulifika muzuri?"

Neema alinitazama. Mimi nikatazama mbuzi.

"Nilifika vizuri," Neema akajibu. "Ila gauni lililowa."

"Pole, mama," alisema Désiré, na hakucheka.

Tangu hapo nyumba ikawa ya Neema. Waliuliza mama anasema mbuzi achinjwe sasa au baada ya sala. Waliuliza mama akae wapi. Aliletewa maini kwanza, kabla ya mchungaji. Msichana aliyekuwa anapika sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, akaja kumwuliza kama atie pilipili. Neema hapendi pilipili, akasema usitie. Yule msichana akarudi jikoni, nikasikia akiwatangazia wenzake, "Mama alikataa pilipili."

Na pilipili haikutiwa. Haikutiwa kwenye sombe, wala kwenye mbuzi, wala kwenye lituma, zile ndizi za kuchemsha zinazopondwa na kutengenezwa donge. Watu zaidi ya viti vya kanisa walikula karamu nzima bila pilipili kwa amri ya mtoto wa miaka tisa. Niliwaona wazee wakitafuna kwa subira, kama wagonjwa. Mmoja alinong'ona kama anaweza kupata kidogo pembeni, mkewe akamkanya kwa jicho. Sijawahi kuona heshima ya namna ile, na mimi nimelisha maharusi na maaskofu.

Ningefurahi kabisa, lakini nilikuwa nimekwenda chumbani kuweka mabegi. Kulikuwa na kitanda kipya, kidogo, bado kina harufu ya ubao uliorandwa. Na juu yake, imekunjwa vizuri, sare ya shule: shati jeupe na sketi ya buluu. Saizi ya Neema.

Nilikaa kwenye kile kitanda nikaomba Mungu anipe adabu, maana maneno ya Mama Charlotte nilikuwa nimeshayasahau na nilitaka vita.

Nikatoka nje. Mshumaa mmoja ulikuwa umesimamishwa kwenye kinywa cha samaki mkubwa kuliko wote wa Mama Charlotte, kwa kuwa keki haikuwapo, na watu waliimba. Waliimba kwa majina: Ngave na Ngave. Mama mkwe hajui tarehe aliyozaliwa, aliambiwa tu ilikuwa wakati wa kuvuna maharage. Alizima mshumaa pamoja na Neema, akapiga makofi, akasema, "Leo na miye niko na neuf ans!" Ndiyo miaka tisa kwa Kifaransa chao. Watu wakaangua kicheko, wanawake wakapiga vigelegele.

Ndipo Désiré akasimama. Nilijua.

Alizungumza vizuri, siwezi kumsingizia. Alimshukuru Mungu, akanishukuru mimi kwa kumlea mtoto na kumleta. Akasema Pascal alikufa mbali, kaburi lake liko mbali, na kwao hakikubaki kitu chake hata kimoja cha kushika. "Shemeji, siye hatukuite mubaya. Ulifanya kazi kubwa. Lakini mutoto anakuwaka na kwabo. Kitanda iko. Masomo iko, miye mwenyewe nitamufundisha. Tunaomba mutoto abakie." Akatoa sare, akaishika mbele ya watu wote.

Wazee waliitikia kwa kichwa. Désiré akamgeukia Neema, akainama tena vilevile kwa heshima. "Mama, weye unasema nini?"

Mtoto wa miaka tisa, amekula maini, ameimbiwa, amevuliwa kofia, ameitwa mama na wanaume wenye ndevu. Aliitazama ile sare. Hakunitazama mimi.

"Nataka kubaki," alisema.

Watu walipiga makofi. Sitawaficha, ndugu zangu: kitu kilipasuka ndani yangu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi niliujua siku ile mara ya pili, bila mkunga. Nilimwona Mama Aneth na begi lake. Nilianza kuinuka, sijui niende wapi.

"Désiré," mama mkwe aliita kutoka kwenye kiti chake. "Kaa chini."

Désiré akakaa na sare yake mapajani.

"Huyu ni miye, ao hapana?"

"Njo weye, mama."

"Basi leo nitasema juu ya miguu yangu." Aliipiga kwa kiganja ile miguu iliyovimba. "Pascal alikufa, miye sikufika. Mukwe wangu alilia peke yake kati ya batu ba kwabo. Sikumupikia hata uji. Sikukaa na yeye chini hata siku moja. Miguu ilikataa. Miaka yote niko naomba Mungu anisamehe juu ya ile."

Akamnyoshea Neema kidole.

"Sasa Mungu amenipatia miguu ingine. Miguu ya neuf ans, inakimbia, inavuka ziwa. Na weye, Désiré, unataka kuifunga hapa, kwa kitanda?"

Désiré aliinamisha kichwa. Mama mkwe akamvuta Neema katikati ya magoti yake.

"Mama mudogo, hautabaki. Hakuna mutu anakufukuza. Miye njo ninakutuma. Utarudi na mukwe wetu, utakaa na yeye, utamuangalia. Akikosa kula, weye unamulisha. Akilia, weye unakaa chini na yeye. Unasikia?"

Neema alikuwa analia kwa hasira, midomo imevimba. Lakini akaitikia, "Nasikia."

"Mama amesema," Désiré alisema, na kwa sauti ile nilijua imekwisha. Alikuja akaniwekea sare mikononi, akaniomba nimlete kila ninapoweza. Nilimwahidi, na nitatimiza. Kisha nikaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe. Nilitaka kumshukuru, nikaona alivyoshika mkono wa yule mtoto. Alikuwa amemngoja tangu siku aliyozaliwa. Alikuwa na haki ya kumzuia, watu wote walikuwa upande wake, na mtoto mwenyewe ameshakubali. Ningekuwa mimi, na niseme kweli yangu, nisingemwachia.

Kurudi

Tulikaa siku zetu, tukalala sote watatu kwenye chumba cha bibi, kitanda kipya kikiwa cha kuwekea nguo. Siku ya kuondoka mama mkwe hakutoka nje. Alitusindikiza kwa wimbo kutoka ndani, na tulimsikia mpaka ngurumo za pikipiki zilipomfunika.

Neema alininunia. Kutoka Nyakasanza hadi Kasenyi hakunipa neno. Kwenye mashua alikaa mbali na mimi kadiri jaketi lilivyomruhusu, akiangalia milima tuliyoshuka. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe sikuwa sawa: nilikuwa nimepata nilichokitaka, na bado kilikuwa kinaniuma, kwa sababu nilijua kimetoka mikononi mwa nani. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu kinywani.

Katikati ya ziwa Neema akainuka. Alipita juu ya mizigo na miguu ya watu, akaja akakaa chini mbele yangu. Alifungua majani ya mgomba aliyofungiwa na bibi yake, mna lituma na kipande cha samaki. Akamega donge, akalichovya, akalinyoosha kwenye mdomo wangu.

"Sina njaa," nikamwambia.

Macho yake yalikuwa bado yamevimba, na mkono haukurudi nyuma.

"Kula, mukwe," alisema. "Nimetumwa."